Kumheshimu mama ni pamoja na kujua dawa zake zinaisha lini

Waulize watoto wa shule ya Jumapili wakutajie amri moja kati ya zile kumi. Wengi wataanza na ile ya kuwaheshimu baba na mama. Ni rahisi kuikumbuka, na watu wazima hupenda kuwakumbusha. Mtoto akijibu kwa ukali, akikataa kutumwa dukani au akichelewa kurudi nyumbani, amri hiyo inatajwa.

Baadaye mtoto anakua. Anapata kazi, anaoa au anaolewa, anahamia mji mwingine. Amri ile anawaachia watoto wake. Sasa yeye ndiye anayetaka kuheshimiwa.

Lakini ukisoma Kutoka sura ya 20 kwa utulivu, utaona kwamba amri zile zilisemwa kwa watu wazima. Ni watu wazima wanaokatazwa kuzini. Ni watu wazima wanaoambiwa wasimtamani mke wa jirani wala ng'ombe wake, na wawape watumishi wao siku ya kupumzika. Mtoto wa miaka saba hana mtumishi wala ng'ombe. Kwa hiyo hata amri ya wazazi iliwahusu kwanza wanaume na wanawake wenye nguvu zao, ambao wazazi wao walikuwa wanazeeka na kuanza kuhitaji msaada.

Ndiyo maana makala hii ya familia imeandikwa na mwandishi wa habari za afya. Kwa mtu mzima, amri hii hutimizwa au kuvunjwa mahali pengi ambapo hatupafikirii: kwenye foleni ya kliniki, kwenye duka la dawa, kwenye ujumbe wa kutumiwa pesa, na kitandani kwa mgonjwa asiyeweza kujigeuza.

Ya nne au ya tano, uzito ni uleule

Wakatoliki na Walutheri huihesabu kuwa amri ya nne. Waanglikana, Wasabato na makanisa mengi ya kipentekoste huihesabu kuwa ya tano. Tofauti ni ya kuhesabu tu, maneno ni yaleyale.

Neno la Kiebrania lililotafsiriwa "kuheshimu" lina mzizi mmoja na neno la uzito. Kumheshimu mtu ni kumpa uzito, kumhesabu kuwa si mwepesi, si wa kusukumwa pembeni. Katika Waefeso 6, mtume Paulo anakumbusha kuwa hii ndiyo amri ya kwanza yenye ahadi.

Wengi wetu tunadhani heshima ni shikamoo, kupiga magoti, kutomkatisha mzee akiongea. Hayo ni mazuri na tuyalinde. Lakini mama anaweza kuamkiwa vizuri kila asubuhi na bado akakaa wiki tatu bila dawa. Shikamoo haishushi presha.

Presha haisubiri Krismasi

Familia nyingi za mjini humwona mzazi wa kijijini mara moja au mbili kwa mwaka: Krismasi, Pasaka, au kwenye msiba. Tunafika na mchele, sukari, kanga na picha za wajukuu. Tunamwuliza, "Unaendeleaje, mama?" Naye anajibu kama mama zetu wote wanavyojibu: "Sijambo, mwanangu, ni miguu tu."

Tatizo ni kwamba shinikizo la damu, ambalo wengi tunaliita presha, mara nyingi halina dalili. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye tatizo hili duniani hawajui kama wanalo. Mtu anaweza kulima, kuteka maji na kuimba kwaya huku mishipa yake ikiumia kimyakimya. Siku dalili inapokuja, huja kama kiharusi, moyo kushindwa kufanya kazi au figo kuharibika.

Kwa hiyo swali la "unaendeleaje" halitoshi. Swali linalompa mzazi uzito ni hili: "Mama, mara ya mwisho ulipimwa presha lini, na walikuambia ngapi kwa ngapi?" Kipimo kikisoma 140 kwa 90 au zaidi, kwa siku tofauti, hiyo ni presha ya juu na inahitaji daktari. Sukari nayo ipimwe. Mzee mwenye kisukari anaweza kupata kidonda cha mguu bila kusikia maumivu, na kidonda hicho kikachelewa kuonekana mpaka mguu ukakatwa.

Macho nayo yaangaliwe. Mtoto wa jicho ndiye chanzo kikubwa cha upofu duniani, na hutibiwa kwa upasuaji. Kuna wazee wamekaa gizani miaka mingi kwa sababu kila mtu nyumbani alisema, "Ni uzee tu." Neno hilo limewanyima matibabu wazazi wengi. Kabla hujalitumia, mpeleke kwa daktari kwanza.

Na kuna jambo la kuanguka. WHO inaeleza kuwa kuanguka ni sababu ya pili duniani ya vifo vya ajali zisizokusudiwa, baada ya ajali za barabarani, na wanaokufa zaidi ni wazee. Mzee akivunjika nyonga, maisha yake yanaweza kubadilika moja kwa moja. Taa ya kwenda chooni usiku, fimbo nzuri, ndala zisizoteleza na mti wa kushika kando ya choo ni vitu vya bei ndogo. Mtoto aliyejenga kishikizo chooni kwa mama yake ametimiza amri, hata kama hakuna aliyempigia makofi.

Korbani ya siku hizi

Katika Marko 7 na Mathayo 15 kuna kisa ambacho hakihubiriwi sana. Yesu anawakemea baadhi ya Mafarisayo na waandishi kuhusu desturi iliyoitwa korbani. Mtu alikuwa anaweza kutangaza kuwa mali yake imewekwa wakfu kwa Mungu, na kwa tangazo hilo akajiona hana wajibu wa kuwasaidia wazazi wake. Yesu anawaambia wazi kuwa kwa desturi hiyo wameifuta amri ya Mungu.

Tazama anachokizungumzia. Hazungumzii watoto wanaojibu vibaya. Anazungumzia watu wazima wenye mali, na anazungumzia pesa. Kwake yeye, kumheshimu mzazi ni pamoja na kumtunza.

Turudi nyumbani kwetu. Chukua mfano wa baba wa familia ambaye ni mzee wa kanisa. Ametoa ahadi ya jengo, ana mchango wa kumpokea mgeni rasmi, ana kamati ya harusi ya rafiki, na jina lake linasomwa mbele ya watu kila akikamilisha. Mwezi huohuo dada yake anapiga simu kutoka kijijini: dawa za mama zimeisha. Anajibu, "Mwezi huu nimebanwa, tuombe tu."

Hakuna anayesema sadaka ni mbaya. Yesu mwenyewe alimsifu mjane aliyetoa senti zake mbili. Lakini katika sura hiyohiyo ya 12 ya Marko, mistari michache tu kabla ya kumsifu, aliwaonya watu juu ya wale wanaokula nyumba za wajane. Mambo hayo mawili yamewekwa karibu, na kila anayepanga bajeti ya mwezi angefaidika kuyasoma pamoja.

Kipimo rahisi ni hiki. Mchango unaotangazwa kwa kipaza sauti na dawa isiyotangazwa popote vikigombea pesa moja, kipi kinashinda nyumbani kwako? Jibu linaonyesha nani ana uzito.

Barua ya kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, inasema jambo zito zaidi: asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani. Inasema pia kuwa watoto na wajukuu wajifunze kwanza kuwalipa wazazi wao mema. Neno ni "kwanza". Kwa wengi wetu, mzazi hupata kilichobaki.

Nafahamu pia upande wa pili. Wasomaji wengi wa ukurasa huu wana ada za shule, kodi ya nyumba na mkopo. Amri haikuambii uwaache watoto wako walale njaa. Inachokudai ni uwepo wa mzazi kwenye mpango, kwa kiasi unachoweza, kila mwezi, bila kusubiri apige simu ya kuomba. Familia yenye watoto wanne, kila mmoja akitoa kidogo siku ileile ya mwezi, inaweza kufanya kitu ambacho mmoja akibeba peke yake kitamvunja mgongo. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa mgonjwa wa presha kibaba hicho kijae kabla dawa hazijaisha.

Maombi na vidonge

Hapa naandika kwa uangalifu, kwa sababu najua imani ya wasomaji wetu.

Wapo wazee wanaoacha dawa baada ya kuombewa. Wapo watoto wanaowashauri waache, wakidhani kuendelea kumeza vidonge ni kukosa imani. Dawa za presha na kisukari kwa wagonjwa wengi ni za muda mrefu, mara nyingi za maisha. Mtu akiziacha anaweza kujisikia vizuri siku kadhaa, kisha presha ikapanda tena bila taarifa.

Biblia yenyewe haijaweka ugomvi kati ya maombi na tiba. Hezekia aliomba, na nabii Isaya akaagiza aandaliwe dawa ya tini iwekwe kwenye jipu. Msamaria mwema alimimina mafuta na divai kwenye majeraha, kisha akalipia gharama za kumuuguza. Luka anatajwa kuwa tabibu. Na katika ile sura ya 5 ya 1 Timotheo, sura ya kuwatunza wajane, Paulo anampa Timotheo ushauri kuhusu tumbo lake na udhaifu wake wa mara kwa mara.

Basi omba na mama yako, kisha mpe maji anywe kidonge chake. Akisema amepona, mshukuruni Mungu pamoja, halafu mwende kupima. Kipimo hakimtukani Mungu. Dawa ipunguzwe au isimamishwe na daktari aliyeona majibu.

Anayebaki nyumbani naye ana Sabato

Karibu kila familia ina mtu mmoja aliyebaki na mzazi. Mara nyingi ni binti ambaye hakuolewa, au aliyeachika akarudi, au mke wa mtoto wa mwisho wa kiume. Anaogesha, anafua, anapika uji, anaamka usiku. Wenzake mjini humtumia pesa na kumpigia simu za kuuliza kwa nini mama amekonda.

WHO inasema kuwa katika kuwatunza watu wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, wanawake hutoa asilimia 70 ya saa zote za uangalizi duniani. Ukitazama nyumba zetu, huhitaji utafiti kuamini hilo.

Kumtunza mgonjwa wa kitandani ni kazi ngumu ya mwili. Asiyeweza kujigeuza anapaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, ili asipate vidonda vya kulala upande mmoja. Ngozi yake iwe safi na kavu. Alishwe polepole akiwa ameinuliwa, asije akapaliwa. Mtu mmoja akifanya haya kwa miezi bila kupokewa, anaumia mgongo, anakosa usingizi, anaanza kuwa mkali, na mwisho anaugua yeye.

Soma tena amri ya Sabato. Haikusema mwenye nyumba peke yake apumzike. Imewataja kwa orodha: mwana, binti, mtumishi wa kiume, mtumishi wa kike, mgeni, hata mnyama wa kazi. Kama ng'ombe ana siku yake ya kupumzika, dada yako anayemwogesha mama kila siku ana haki kubwa zaidi. Nawe ukimpeleka mama kanisani mara moja kwa mwaka na kupiga naye picha, huku dada yako hajapumzika Jumapili hata moja, umetimiza nusu ya amri kwa kuvunja nyingine.

Kumpokea si lazima kuwe kwa gharama kubwa. Likizo yako ya siku 28 unaweza kutoa wiki moja ukakae nyumbani, yeye akasafiri. Mnaweza kumlipa kijana wa jirani aje siku mbili kwa wiki. Jumuiya au kikundi cha akina mama kinaweza kupanga zamu ya mchana mmoja. Na wewe unayetuma pesa, usiishie kuuliza hali ya mama. Malizia na swali hili: "Na wewe, dada, umelala?"

Akianza kusahau

Kuna ugonjwa unaoziumiza familia zaidi ya mingine kwa sababu hauonekani kama ugonjwa. Baba anauliza swali lilelile mara kumi. Anapotea njia ya shambani aliyoipita maisha yake yote. Anasema ameibiwa pesa alizozificha mwenyewe. Anamtukana mkwe. Anatoka usiku.

WHO inakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 55 duniani wanaishi na ugonjwa huu wa akili kupungua uwezo, ambao kitaalamu huitwa dimensia, na wengi wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Si sehemu ya kawaida ya uzee. Kila mzee husahau kidogo, lakini mzee anayeshindwa kufanya mambo aliyoyazoea anahitaji kuonwa na daktari. Wakati mwingine kinachomsumbua kinatibika: maambukizi, upungufu wa damu au wa vitamini, sonona, au dawa zinazogongana.

Kubishana naye hakusaidii. Akisema anamsubiri mama yake aliyefariki miaka 40 iliyopita, huna haja ya kumthibitishia kuwa amekosea. Mwulize mama yake alikuwaje. Msikilize. Huko nako ni kumpa uzito.

Jambo hili lina hatari kubwa zaidi katika baadhi ya maeneo yetu. Kwa miaka mingi, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa kama Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee wamekuwa wakituhumiwa uchawi, na baadhi yao wameuawa. Macho mekundu yamekuwa yakihesabiwa kuwa ushahidi. Macho hayo mara nyingi yameumizwa na moshi wa miaka mingi jikoni, wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe. Mwanamke aliyewapikia watoto wake chakula anahukumiwa kwa alama aliyoipata akiwapikia. Akiwa pia anazungumza peke yake au anatembea usiku kwa sababu ya dimensia, hatari inaongezeka.

Hapa amri tatu zinakutana: kuwaheshimu wazazi, kutoshuhudia uongo na kutoua. Mkristo anayesikia mnong'ono kuhusu bibi wa jirani ana wajibu wa kuukata hapohapo na kuwaambia viongozi wa mtaa au kijiji mapema. Ukinyamaza, mnong'ono huo unasafiri.

Mwambie ukweli

Mzazi akikutwa na saratani, familia nyingi hukaa kikao na kukubaliana asiambiwe. Anaambiwa ni vidonda vya tumbo. Nia ni njema: hatutaki akate tamaa.

Lakini mzazi huyo ndiye mwenye mwili. Anaona anavyokonda na anasikia mnavyonong'ona. Anayefichwa hawezi kuchagua matibabu, hawezi kusema anataka kulazwa au kubaki nyumbani, hawezi kupatana na ndugu yake waliyekosana wala kusema shamba ligawanywe vipi. Hawezi hata kumwita mchungaji au padri kwa wakati.

Kusema ukweli hakumaanishi kumrushia habari zote kwa mara moja. Mwulize anataka kujua kiasi gani. Wapo wazee watakaosema, "Yaongee na daktari wewe, mimi niombee tu." Huo ni uchaguzi wake, uheshimu. Akitaka kujua, daktari na mtu mmoja anayempenda wakae naye, waongee polepole, wamwambie pia yale yanayoweza kufanyika, hasa kupunguza maumivu. Maumivu ya saratani yana dawa, na ziko hospitali zenye huduma ya tiba shufaa kwa ajili hiyo.

Shamba lake bado ni lake

Ugonjwa wa mzazi huwafunua watoto. Kuna anayekuja kumwona mama huku macho yake yako kwenye kiwanja. Kuna anayechukua kadi ya benki ya baba "kumsaidia" na haieleweki pesa ya pensheni inakwenda wapi. Kuna wanaomwekesha mzee dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa.

Amri za kutoiba na kutotamani hazina kipengele kinachosema isipokuwa kwa mama yako. Mali ya mzazi aliye hai ni ya kwake. Kama lazima kuuza kitu ili atibiwe, iamuliwe mbele ya ndugu wote, naye akiwemo kadiri anavyoweza, na hesabu iandikwe kila senti. Zanzibar, ambako tangu mwaka 2016 Serikali inawalipa pensheni jamii wazee wenye miaka 70 na zaidi, na Bara kwa wazee wanaopata pensheni zao za kazi au msaada wa TASAF, anayemchukulia mzee pesa zake ahakikishe zimemfikia mzee.

Kama mzazi mwenyewe alinitesa?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, nalo linastahili jibu. Wapo waliopigwa kupita kiasi, walioachwa wakiwa wachanga, walionyanyaswa na baba wa kambo huku mama akijua. Kuwaambia "heshimu tu" ni kuwaongezea jeraha.

Waefeso 6 inayowaambia watoto watii, inawageukia akina baba mara moja na kuwakataza kuwachokoza watoto wao. Wajibu una pande mbili, na mzazi aliyeuvunja wa kwake ana la kujibu mbele za Mungu. Kumheshimu mzazi wa namna hiyo hakudai ujifanye hakuna kilichotokea, wala hakudai umwachie watoto wako awalee. Kunaweza kuwa kuhakikisha ana chakula na dawa kupitia kwa mtu mwingine, huku wewe ukikaa mbali kwa usalama wako. Kutolipiza kisasi kwa mtu ambaye sasa ni dhaifu ni utii mkubwa. Ukihitaji kuongea na mshauri nasaha ili ufike hapo, nenda bila aibu.

Asiye na mtoto wa kumtunza

Yesu akiwa msalabani alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda, naye akamchukua nyumbani kwake. Katika Matendo 6, kanisa changa lilipogundua kuwa wajane fulani wanasahaulika katika mgawo wa kila siku, liliteua watu saba kulishughulikia. Hawakuishia kuombea jambo hilo, walilipangia watu.

Parokia au usharika wako una wazee wangapi wasio na mtu? Nani anajua majina yao? Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mwenye miaka 60 na kuendelea, na inaeleza haki ya wasiojiweza kutibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Lakini mzee asiye na wa kumfuatilia barua ya serikali ya mtaa, nauli na mtu wa kumshika mkono mara nyingi haipati haki hiyo. Kijana mmoja wa kwaya mwenye pikipiki na asubuhi moja ya Jumanne anaweza kulimaliza.

Fanya haya wiki hii

Piga simu nyumbani, uulize majina ya dawa anazotumia mzazi na tarehe zinapoisha. Ziandike kwenye kalenda ya simu yako, na uweke ukumbusho siku 10 kabla.

Mwombe aliye karibu naye apige picha daftari lake la kliniki, akutumie.

Kama una bima ya kazini, uliza kama mzazi anaweza kuandikishwa kuwa mtegemezi wako.

Kwenye kundi la WhatsApp la familia, pendekeza kiasi na tarehe ya kuchanga kila mwezi, na mtu mmoja wa kutunza hesabu. Anza wewe kutoa.

Mwambie kila mtu nyumbani dalili za kiharusi: uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kukosa nguvu ghafla, kuongea maneno yasiyoeleweka. Ukiona mojawapo, mzee apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Asikandwe kwanza, asisubiriwe mpaka asubuhi.

Panga tarehe ya kumpokea anayemtunza mzazi, hata kwa siku mbili.

Na mambo haya yafanye watoto wako wakiwepo. Waache wakuone ukihesabu vidonge vya bibi yao na kuviweka kwenye bahasha ya safari. Wakuone ukiahirisha kununua kitu ili nauli ya kliniki ipatikane. Amri uliyowafundisha kwa maneno wataikumbuka mpaka wafike sekondari. Hii waliyokuona ukiifanya wataibeba mpaka siku ambayo wewe ndiye utasema, "Sijambo, mwanangu, ni miguu tu," na mtoto wako hatakubali jibu hilo mpaka ajue presha yako ni ngapi kwa ngapi.